Visahani Vitatu vya Meza ya Bendso: cha Dukani, cha Gerezani na cha Ubao wa Jikoni

Kisahani cha meza ni kile kipande cha duara kinachokaa katikati ya meza ya bendso, yaani mashine ya msumeno wa mkanda unaozunguka kwenye magurudumu mawili, mahali ambapo mkanda wa msumeno hupenya kwenda kwenye gurudumu la chini. Fundi anaweza kufanya kazi miaka mitano bila kukitazama, na ndivyo nilivyofanya mimi hadi Februari iliyopita, siku niliyokuwa ninapasua vijiti vya mninga vya unene wa milimita 3 kwa ajili ya kunakshi ubao wa kichwani wa kitanda. Kisahani nilichokikuta kwenye mashine hiyo nilipoinunua kwa mtu kilikuwa kimeliwa na mikanda mingi, na ufa wake ulikuwa umepanuka kiasi kwamba kidole changu cha mwisho kiliweza kuingia. Kijiti cha nne kilipoachana na ubao wake hakikubaki juu ya meza. Kilizama ncha kwanza ndani ya ufa, kikabanwa kati ya mkanda na gurudumu la chini, na kabla sijaifikia swichi nilisikia mlio kama wa bati linalochanwa. Mkanda ukaruka kutoka kwenye magurudumu na kujikunja ndani ya mlango wa mashine. Mimi sikuumia, lakini mkanda uliokuwa na wiki moja tu ulipinda pasipoweza kunyooka.

Tangu siku hiyo nimetumia visahani vitatu tofauti kwenye mashine hiyo hiyo: kimoja nilikinunua Kariakoo, jijini Dar es Salaam, kimoja nilikerezewa katika eneo la Gerezani la jiji hilo hilo, na kimoja nilikitengeneza mwenyewe karakanani kwangu Keko kutokana na ubao wa plastiki wa kukatia mboga. Kila kimoja nimekifanyia kazi muda wa kutosha kukifahamu, na ninaandika tathmini hii kwa sababu mafundi wenzangu wengi wanahangaikia mkanda mpya, mota na mpira wa gurudumu, huku tundu la katikati ya meza likiachwa wazi kama mdomo wa kisima.

Kwanza nieleze mashine yenyewe. Bendso yangu ni ya nchi 14, kipimo ambacho ni kipenyo cha magurudumu yake, na meza yake ni ya chuma kizito cha kusubu. Umbo lake ni lile la bendso ya Delta ya Marekani, ambalo viwanda vya Taiwan na China vimeliiga kwa miaka mingi, ndiyo maana mashine zenye majina tofauti hufanana kama ndugu wa tumbo moja. Shimo la meza yangu lina kipenyo cha milimita 63.5, yaani nchi mbili na nusu, na ndani yake kuna ukingo wenye kina cha milimita 5 ambao kisahani hukalia. Usichukulie kwamba yako ni hivyo hivyo. Mashine kubwa huwa na mashimo makubwa zaidi, nyingine huwa na visahani vya pembe nne, na hata kati ya hizi zinazofanana kuna tofauti ya milimita moja au mbili, ambayo inatosha kabisa kuiharibu kazi.

Kisahani kina kazi mbili. Ya kwanza ni kuubeba mti karibu kabisa na mahali unapokatwa, ili kipande chembamba kisipate pengo la kutumbukia. Ya pili, ambayo wengi hawaifikirii, ni kuzishikilia nyuzi za mti upande wa chini. Meno ya bendso hukata kwa kushuka, kwa hiyo yanapotoka chini ya ubao huzisukuma nyuzi za mwisho nje. Zikikuta pengo pana zinang'oka na kuacha ukingo wenye manyoya, lakini zikikuta kitu kigumu kinachogusana nazo hukatika safi. Kisahani chenye ufa usiozidi njia ya mkanda wenyewe hufanya kazi hiyo ya pili bila kugharimu chochote cha ziada. Jambo la kukumbuka ni kwamba kisahani si kiongozi cha mkanda. Kazi ya kuuongoza mkanda ni ya beringi zilizo juu na chini ya meza, na ukiona mkanda unakisugua kisahani kwa nguvu, rekebisha beringi kwanza.

Sasa kile cha dukani. Nilikinunua kwenye duka moja la vipuri Kariakoo kwa shilingi 15,000, na muuzaji alinihakikishia kwamba kinaingia kwenye bendso zote za nchi 14. Ni cha plastiki nyeusi, chepesi, kilichomiminwa kwenye kalibu, na upande wa chini kina mbavu za kukipa uimara. Nilipofika karakanani nilikipima nikakuta kipenyo chake ni milimita 62, kwa hiyo kilicheza ndani ya shimo na kuzunguka kidogo kila mti ulipokipita. Tatizo kubwa zaidi lilikuwa upande wa mbele, yaani upande wangu mimi ninayesukuma ubao, ambako kilikuwa kimejikunja na kusimama juu ya meza kwa zaidi ya nusu milimita. Nusu milimita ni ndogo kwa macho, lakini ubao unaosukumwa hujikwaa papo hapo, na mtu akiongeza nguvu ili ubao upite, nguvu hiyo inaupeleka mkono kwenye meno. Nilikirudisha dukani siku iliyofuata, nikaambiwa kwamba kitu kikishatoka nje ya mlango hakirudi. Ufa wake pia ulikuwa wa milimita 6, umeachwa mpana ili uufae kila mkanda, na kwa vijiti vyangu vya mninga haukuwa na tofauti kubwa na lile shimo la zamani. Kinafaa kwa mtu anayepasua mbao nene tu na ambaye shimo lake linalingana nacho kweli. Kwa kazi ya vipande vyembamba sikipendekezi hata kwa bei ya bure.

Baada ya hapo nilikwenda Gerezani, kwenye karakana ndogo ya mzee mmoja mwenye mashine ya kukerezea chuma. Nilikuwa nimebeba kisahani cha zamani kama sampuli. Mzee alikipokea, akakigeuza mara mbili mkononi, akaniuliza, "Mwanangu, umeniletea mfuniko; shimo lake liko wapi?" Nilimjibu kwamba shimo liko Keko kwenye mashine yenye uzito unaohitaji watu watatu. Akaniazima vanya yake, kile kipimio cha kupimia vipenyo na kina, akaniambia nirudi nikalipime shimo kwa pande tatu na kina chake kwa sehemu nne, kwa sababu mfuniko uliochakaa humweleza mkerezaji jinsi mfuniko ulivyo sasa, wala haumwelezi jinsi unavyotakiwa kuwa. Alikuwa na haki. Nilipopima niliona kwamba shimo si duara kamili: upande mmoja lilikuwa milimita 63.4 na upande mwingine 63.6, na ule ukingo wa ndani ulipishana kina kwa sehemu mbili za kumi za milimita kati ya mbele na nyuma. Kama angekereza kwa kufuata sampuli niliyompelekea, ningepata kisahani kipya chenye makosa yale yale ya zamani.

Alikikereza kutoka kwenye kipande cha alumini, akakipa kipenyo cha milimita 63.2, akakata ufa kwa msumeno wa chuma na kuusawazisha kwa tupa hadi upana wa milimita 3, kisha akatoboa ubavuni na kugongomea pini ndogo inayoingia kwenye kijifuo cha meza ili kisahani kisizunguke. Alumini ndiyo metali ya kutumia hapa, kwa sababu mkanda ukiyumba ukaigusa, meno yatapata mchubuko tu, ilhali chuma cha pua kingeyamaliza meno yote kwa sekunde. Kazi ilichukua siku mbili na gharama ilikuwa shilingi 40,000 pamoja na alumini yenyewe. Nilipokiweka kwenye meza na kupitisha ukucha kutoka chuma hadi alumini, ukucha haukukwama upande wowote isipokuwa mmoja, nikauondoa kwa dakika tano za msasa.

Kasoro zake ni mbili na zote zinarekebishika. Upande wa chini wa ufa aliacha vijimakali vilivyoachwa na tupa, ambavyo vilikuwa vinadaka nyuzi za mti na kuzikusanya. Nilivipangusa kwa msasa uliokunjwa. Ya pili sikuitarajia. Alumini mpya huacha alama ya kijivu kwenye mti wenye rangi nyeupe. Kwenye mninga haionekani, lakini nilipopasua paina kwa ajili ya rafu za mteja, kila ubao ulitoka na mstari mchafu upande wa chini, kana kwamba mtu ameupitisha penseli. Nilikisugua kisahani kwa msasa laini wa namba 600, nikakipaka nta ya mishumaa na kukifuta kwa kitambaa kikavu, na alama zikakoma. Ninarudia kupaka kila baada ya wiki mbili. Kwa huduma ya mzee yule ninatoa sifa bila kusita, hasa kwa sababu alikataa kuanza kazi kabla ya kupata vipimo sahihi, jambo ambalo mafundi wengi hawalifanyi kwa kuogopa mteja atakwenda kwa jirani.

Hata hivyo, ufa wa milimita 3 una nafasi ya karibu milimita moja kila upande wa njia ya mkanda wangu, na kwa vinia nyembamba, yaani zile karatasi za mti, bado manyoya yalionekana chini. Kuukata ufa wa alumini kwa mkanda wenyewe wa mbao kungewezekana, lakini sikuwa tayari kuyachosha meno ya mkanda mpya kwa ajili hiyo. Hapo ndipo nilipogeukia ubao wa jikoni.

Nilinunua ubao mweupe wa kukatia mboga wenye unene wa milimita 8 kwa shilingi 12,000. Ni polithini ile nzito, plastiki yenye utelezi wa asili, isiyovunjika ovyo na isiyoyadhuru meno ya msumeno hata kidogo. Ubao mmoja umenipa visahani kumi na viwili. Kila kipande nilikitoboa tundu dogo la milimita 2 katikati, nikakipachika kwenye msumari uliosimama juu ya kipande cha plaiwudi kilichobanwa mezani, umbali wa msumari na mkanda ukiwa nusu ya kipenyo ninachotaka, kisha nikakizungusha taratibu hadi duara likakamilika. Plastiki hiyo inapokatwa haitoi vumbi. Inatoa nyuzi nyeupe zinazojikunja na kulundikana juu ya meza kama nazi inayotoka kwenye mbuzi, na zinanata kwenye mikono ya shati kwa umeme wake. Zikusanye zote kabla hujafungua mlango wa chini, maana zikijilundika kwenye mpira wa gurudumu mkanda utaanza kuhama.

Kwa kuwa unene ni milimita 8 na kina cha ukingo ni milimita 5, nilipunguza pembezoni kwa rauta, mashine ya mkono ya kuchongea kingo, hadi zikabaki milimita 4.7, na sehemu ya katikati ikashuka ndani ya tundu bila kuzifikia beringi za chini. Ile sehemu tatu za kumi iliyobaki niliiacha makusudi. Upande wa chini nilifunga skrubu nne ndogo ambazo vichwa vyake vinakalia ukingo, na kwa kuzikaza au kuzilegeza ninakipandisha kisahani hadi kiwe sawa na meza. Katika hali ya shaka, kiache upande wa mbele chini kwa unene wa karatasi moja. Kisahani kilicho chini kidogo hakimkwazi mtu, lakini kilicho juu kidogo ni hatari. Wako wanaosawazisha kwa kuweka matone ya gundi chini, na njia hiyo ni nzuri kwa plaiwudi au alumini, lakini polithini haishikwi na gundi yoyote ya kawaida ya karakanani. Nilijaribu gundi ya papo hapo, ikabanduka kama gamba la samaki nilipoigusa.

Kukata ufa ndiyo hatua inayohitaji utulivu. Kabla ya kuanza nilipima umbali kutoka ukingo wa mbele wa shimo hadi kwenye meno ya mkanda, nikapata milimita 29, nikaweka alama ya umbali huo kwenye kisahani kwa penseli. Kisha nilikilaza juu ya meza, nikakisukuma kuelekea kwenye meno kwa kijiti huku vidole vikiwa mbali, na mkanda ulipofika kwenye alama nikazima umeme na kusubiri hadi gurudumu lisimame kabisa. Mkanda ukiwa bado ndani ya ufa, nilikishusha kisahani kwenye shimo lake kwa mikono miwili. Kwa utaratibu huu ufa wote unakuwa nyuma ya mkanda, na mbele ya meno inabaki plastiki nzima isiyo na mwanya. Unapotaka kubadilisha mkanda unakiinua na kukivuta kuelekea kwako, nao unatoka kwa njia ile ile ulioingilia. Kabla ya kuwasha, zungusha gurudumu la juu kwa mkono mizunguko kadhaa usikilize. Ukisikia mkwaruzo, kuna mahali mkanda unasuguana, na polithini huyeyuka kwa joto la nyuzi 130 hivi, kiwango ambacho msuguano wa mfululizo unakifikia bila taabu; ikiyeyuka inaganda kwenye meno.

Matokeo yake yamenifurahisha kuliko nilivyotegemea. Vijiti vile vile vya mninga vya milimita 3 sasa vinaachana na ubao na kubaki vimelala juu ya meza ninapoviona, na ukingo wa chini unatoka laini kiasi kwamba mpigo mmoja wa randa unatosha. Kwa mvule, ambao nyuzi zake hupishana na kung'oka kirahisi, tofauti inaonekana hata kwa mtu asiye fundi.

Kuna mambo mawili ambayo hali ya hewa ya Dar es Salaam ilinifundisha. Polithini hutanuka kwa joto mara nyingi zaidi ya chuma. Kisahani cha kwanza nilikikata asubuhi na mapema, nikakibana vizuri kwenye shimo la milimita 63.5, na saa nane mchana chini ya bati kilikuwa kimekwama kiasi cha kuhitaji nyundo ya mti kukitoa kwa chini. Sasa ninavikata kwa milimita 63.1, na havikwami wala havichezi. La pili ni onyo kwa wanaopenda kutumia vipande vya MDF, zile mbao za nyuzi za mti zilizoshindiliwa kwa gundi, kwa kuwa ni vya bure: unyevu wa masika huvimbisha kingo zake, na kisahani kilichokuwa sawa Februari kitakuwa kimesimama juu ya meza ifikapo Aprili. Plaiwudi nzuri inastahimili zaidi. Nilijaribu pia mpingo, baada ya kupata kipande cha kona kwa wachonga vinyago wa Mwenge. Ni mti mzito unaozama majini, unang'aa ukipigwa msasa, na kisahani chake kilipendeza macho kuliko vyote. Lakini niliukata ufa kwa kufuata nyuzi, na siku ya tatu kikapasuka vipande viwili. Anayetaka kutumia mti wowote aukate ufa kwa kukingama nyuzi.

Kisahani kinachobana namna hii kina gharama yake upande wa vumbi. Mashine yangu ina bomba la kufyonza chini ya meza, na ufa mpana ulikuwa unaruhusu hewa kushuka na vumbi lake. Nilipouziba, sehemu ya vumbi ilianza kubaki juu, mbele ya pua yangu. Vumbi la mbao si jambo la kupuuza: wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliliweka katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani mwaka 1995, na la mvule huwasha macho na kubana kifua hata kwa muda mfupi. Nilitoboa matundu sita ya milimita 6 kwenye nusu ya nyuma ya kisahani, mbali na mahali vijiti vyangu vinapoangukia, na hewa ikarudi kwa kiasi kikubwa. Barakoa bado ninavaa.

Meza inapoinamishwa kwa pembe, kisahani cha kubana hakitumiki kabisa, kwa sababu mkanda hauupiti tena ufa wima na utakikata kwa upande. Kwa kazi hiyo ninarudisha kile cha alumini, ambacho nimekipeleka tena Gerezani mzee akaupanua ufa wake upande mmoja hadi milimita 9 kwa shilingi 5,000. Kwa mkanda mwembamba wa robo nchi, ninaoutumia kukatia mapindo ya migongo ya viti, kisahani cha polithini huchakaa haraka, kwa kuwa mkanda hujipinda ndani ya ufa kila ninapogeuza ubao. Baada ya wiki tatu hivi ufa wake huwa umekwisha kuwa kama pembetatu ndogo. Ninakitupa na kukata kingine, kazi ya robo saa. Cha mkanda wa nusu nchi, unaopasua moja kwa moja, kina miezi minne na bado kinabana.

Visahani vyangu vinaning'inia kwenye misumari ubavuni mwa mashine, kila kimoja kimeandikwa kwa kalamu ya wino upana wa mkanda wake na tarehe kilipokatwa. Cha dukani nimekitoboa katikati na kukifanya kishikio cha mlango wa kabati la msasa.